Mama ana saratani ya mlango wa kizazi: tuanze na kipimo kipi?

Shikamoo Mama,

Nakuandikia saa nane za usiku kwa sababu usingizi umenikataa. Mama yangu mzazi ana miaka 54. Mwezi uliopita alianza kutokwa na damu ilhali hedhi yake ilishakoma miaka minne nyuma. Tukamkimbiza hospitali, wakachukua kinyama kwenye mlango wa kizazi, na majibu yakarudi na neno ambalo sote tulikuwa tunalikwepa. Saratani.

Daktari wa kwanza alimpima kwa mkono, akasema uvimbe una kama sentimita 3 na ugonjwa uko hatua ya 1B2, yaani bado haujatoka mlangoni. Mama akapigwa CT, yaani picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta, ya kifua, tumbo na nyonga. Ripoti inasema mapafu na ini havina kitu, figo zote mbili ziko sawa, na kuna tezi moja ya limfu ya nyonga upande wa kushoto yenye milimita 9 ambayo haijafikia ukubwa wa kuhesabiwa kuwa na ugonjwa. Tukapewa tarehe ya upasuaji. Nyumba nzima ilishusha pumzi.

Kisha akaja daktari bingwa. Naye akampima kwa mkono, akanyamaza kidogo, akasema upande wa kushoto anagusa ugumu ambao haumridhishi. Akasimamisha upasuaji mpaka mama apige MRI, ile picha ya mashine ya sumaku.

Tangu siku hiyo hatuelewani. Kaka yangu mkubwa anasema MRI ya nini tena wakati CT imeshatoka safi. Kama ni lazima kupima, basi tumpeleke PET inayoona mwili mzima kwa mara moja, tumalize. Mdogo wangu wa kike analia kwamba kila kipimo kinakula siku, na ugonjwa hausubiri, wamfanyie upasuaji waondoe kila kitu. Mimi niko katikati, na kila mmoja anataka niwe upande wake.

Juzi nilikuwa namkanda mama miguu, akaniambia kwa sauti ya chini: "Mnabishana juu ya mashine. Mimi ndiye nitakayeingia ndani yake." Mama anaogopa sana kufungiwa. Aliwahi kukwama kwenye lifti karibu saa nzima, na hadi leo hapandi.

Naomba unieleze, Mama: kipimo kipi ni bora kuliko vyote? Kama CT ilisema safi, MRI inaweza kusema tofauti? Na wakibadilisha hatua, itakuwa na maana kwamba ugonjwa umekua sisi tukiwa tunabishana? Nina hofu pia kwamba mionzi ya mashine hizi zote itamwongezea mama matatizo.

Mwanao,
Binti wa Katikati

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na mfikishie mama pole yangu.

Nianze na jibu. Mama apige MRI. PET isubiri majibu ya MRI. Na upasuaji uliosimamishwa usikuumize moyo, kwa sababu huenda yule daktari bingwa amemwepusha mama na operesheni isiyomfaa. Miaka yangu ya uuguzi niliimalizia kwenye wodi ya saratani za wanawake, na jambo lililonihuzunisha kuliko mengi ni kumwona mama aliyekwisha kupasuliwa, kidonda hakijakauka, anaambiwa kwamba ugonjwa ulikuwa umeshavuka na sasa aanze mionzi. Amebeba mizigo miwili, na wa kwanza haukuwa wa lazima.

Unaniuliza kipimo kipi ni bora kuliko vyote. Hakuna, mwanangu. Kila mashine ina swali inalolijua na maswali isiyoyajua, na ugomvi wenu nyumbani unatokana na kuichukulia CT kana kwamba ilijibu swali ambalo haikuulizwa.

Swali la mama sasa hivi ni lile la daktari bingwa: upande wa kushoto, ugonjwa umetoka nje ya mlango wa kizazi au haujatoka? Pembeni ya mlango huo kuna nyama laini zenye mafuta, mishipa ya damu, na mirija inayoteremsha mkojo kutoka kwenye figo. Uvimbe wa sentimita 3 ambao haujazigusa nyama hizo ni hatua ya 1B2, na hapo upasuaji ni tiba nzuri. Ukiwa umezigusa, hata kama ni uvimbe uleule wa sentimita 3, ni hatua ya 2B, na tiba inayotakiwa ni mionzi pamoja na dawa ya kemo, kwa kawaida sisplatini mara moja kwa wiki, ikifuatiwa na mionzi ya ndani, ile inayowekwa kupitia uke karibu kabisa na uvimbe. Tofauti ya milimita chache inabadilisha safari nzima.

Hapo ndipo CT inapokwama. Kwenye picha ya CT, uvimbe na mlango wa kizazi wenyewe hutoka na rangi ya kijivu inayokaribiana sana, kama chumvi na sukari kwenye sahani moja. Msomaji wa picha anaona kizazi kipo na pengine kimenenepa, lakini mpaka wa ugonjwa haumtokei. CT ni hodari kwingine: inachukua dakika chache, inaona mapafu, ini, tezi zilizokwisha kukua, na figo iliyovimba kwa sababu mkojo umekosa njia. Kwa mama yako imeshawaambia jambo kubwa, kwamba figo ziko sawa na mapafu hayana kitu. Lishikeni hilo, ni habari njema. Ila halijibu swali la upande wa kushoto.

MRI inalijibu vizuri zaidi kwa sababu inatofautisha nyama na nyama. Kwenye picha zake, ukuta wa mlango wa kizazi huonekana kama pete nyeusi, na uvimbe huonekana mweupe zaidi ndani ya pete hiyo. Pete ikiwa nzima pande zote, uwezekano kwamba ugonjwa umetoka pembeni ni mdogo sana. Ikiwa imekatika, na mahali ilipokatika kuna kitu kinachochungulia nje, daktari anajua la kufanya. MRI ndiyo pia inayopima ukubwa wa uvimbe kwa ukaribu zaidi, na ukubwa si jambo dogo: chini ya sentimita 2 ni hatua ya 1B1, kuanzia 2 hadi kabla ya kufika 4 ni 1B2, na 4 kwenda juu ni 1B3, ambako madaktari wengi huacha kisu na kuchagua mionzi na kemo.

Sitaki uondoke hapa ukidhani MRI haikosei. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti mkubwa wa Marekani uliowafuata wanawake wenye ugonjwa wa mapema, wote wakiwa wamepangiwa upasuaji, ili baadaye picha zilinganishwe na kile kilichokutwa kwenye nyama iliyotolewa. Kati ya wale ambao ugonjwa wao kumbe ulikuwa umeshavuka mlango wa kizazi, uchunguzi wa mkono ulikuwa umewatambua asilimia 29, CT asilimia 42, MRI asilimia 53. MRI iliongoza, lakini bado ilimkosa karibu mmoja kati ya kila wawili. Mashine na mbinu za leo si zile za wakati ule, ila namba hizo zinatufundisha kutoiabudu picha yoyote.

Kuna jambo jingine katika utafiti huo ambalo ningependa kaka yako alisikie. Mkono ulikosa wagonjwa wengi, lakini ulisingizia wachache mno: kati ya wale ambao ugonjwa haukuwa umevuka, uliwasema sawasawa asilimia 99. Ni kweli walikuwa wanawake waliokwisha kuchujwa kwa ajili ya upasuaji, hivyo namba hiyo isichukuliwe kama sheria. Hata hivyo inalingana na nilichokiona mwenyewe wodini. Vidole vya bingwa vinaweza kupitwa na ugonjwa mdogo, lakini vikisema hapa pana ugumu, usivipuuze. Daktari wa mama ameugusa ugumu. Sasa anataka kuuona.

Tena mambo haya hayakuanza na mashine. Kwa miongo mingi hatua ya saratani hii ilipangwa kwa mkono na macho tu, mgonjwa akilazwa kwa nusukaputi na kupimwa njia ya uke na ya haja kubwa, pengine na kamera ndogo ya kuangalia kibofu na eksirei ya kifua. Sababu ilikuwa ya haki: ugonjwa huu unaua zaidi pale ambapo mashine ni chache, na Shirikisho la Kimataifa la Madaktari wa Magonjwa ya Wanawake na Uzazi, FIGO, lilitaka hatua ya 2 iwe ni hatua ya 2 popote pale. Mwaka 2018 ndipo FIGO iliporuhusu picha na majibu ya maabara yahesabiwe rasmi katika kupanga hatua, bila kumlazimisha yeyote kuwa na mashine asiyoweza kuipata. Kwa hiyo ukikutana na daktari wa zamani anayeuamini mkono wake, usimwone amepitwa na wakati. Alifundishwa hivyo, na alifundishwa vizuri.

Sasa hoja ya kaka kuhusu PET. Mashine hii inafanya kazi kwa njia ya sukari. Mgonjwa anakaa bila kula kwa saa kadhaa, anadungwa sukari iliyofungwa kwenye chembe ya mionzi, anapumzika kama saa moja, kisha anapigwa picha pamoja na CT hapohapo. Chembe za saratani ni walafi wa sukari, hivyo zinawaka. Kwa kutafuta tezi zilizoathirika na ugonjwa uliokimbilia mbali, PET inaishinda CT ya kawaida, na kaka yako hakosei kuisifu.

Anapokosea ni kudhani kwamba kwa kuwa inaona mwili mzima, inaona kila kitu. Ile sukari hutoka kwa njia ya mkojo, kwa hiyo kibofu nacho huwaka kama taa, na kibofu ni jirani wa mlango wa kizazi. Mipaka ya uvimbe, ambayo ndiyo swali letu, haisomeki humo vizuri. Chembe chache zilizojificha ndani ya tezi ndogo haziwaki vya kutosha kuonekana. Halafu si kila kinachowaka ni saratani: kifua kikuu, maambukizi mengine, hata kidonda kinachopona, vyote vinakula sukari. Nimeona familia ikilia kwa doa la kifuani ambalo baadaye lilipimwa likawa kovu la ugonjwa wa zamani.

Lakini ile tezi ya milimita 9 inanifanya nisiifute PET. Ripoti haikusema tezi ni salama. Imesema haijafikia ukubwa. CT huihukumu tezi kwa kipimo cha upande wake mwembamba, na mstari wa kawaida ni milimita 10. Tezi ya milimita 9 iko mlangoni mwa mstari huo, na iko upande uleule wa kushoto wenye ugumu. Inaweza kuwa imevimba kwa maambukizi tu. Inaweza pia kuwa na ugonjwa, maana tezi ndogo nazo hubeba. MRI ikionyesha pete imekatika, au ikiitilia shaka tezi hiyo, basi PET inakuwa na kazi ya maana kabisa: kutazama kama ugonjwa umepanda kutoka tezi za nyonga kwenda zile zilizo kando ya mshipa mkuu wa damu tumboni. Saratani hii kwa kawaida hupanda kama mtu apandaye ngazi, na madaktari wa mionzi wanahitaji kujua imefika kipandio kipi ili eneo la kuchoma liwe refu au fupi. Hapo hoja ya kaka itakuwa sahihi. Leo ameitoa mapema tu.

Ultrasaundi sijaitaja kwa sababu hamkuiuliza, lakini ifahamu. Ikifanywa kwa njia ya uke au ya haja kubwa na mtu aliyefunzwa hasa kwa saratani hii, inapima ukubwa wa uvimbe na kutazama pembeni kwa usahihi unaokaribiana na MRI. Miongozo ya Ulaya inaikubali kama njia mbadala kwa sharti hilohilo la ujuzi. Sharti hilo ndilo zito, kwani ultrasaundi ya kila siku ya tumbo haitoshi kwa kazi hii. Kama mama atashindwa kabisa kuingia kwenye MRI, au foleni yake ni ndefu kupita kiasi, muulizeni bingwa kama yupo mtu wa namna hiyo, au kama upimaji wa nusukaputi utamtosha kuamua.

Swali lako la hatua kubadilika nalijibu kwa uzito, kwa sababu linaweza kuwagonganisha ninyi ndugu kwa miaka. Ikitokea kesho mama akaambiwa ni 2B, ugonjwa haukuruka kutoka 1B2 kwenye wiki mliyobishana. Ulikuwa hapo tangu mwanzo. Kilichobadilika ni kuonekana. Asimnyooshee mwenzake kidole mtu yeyote. Na kuna mshtuko mwingine ninaotaka uujue mapema: tangu mabadiliko ya 2018, tezi ya nyonga ikihesabiwa kuwa na ugonjwa, hatua inakuwa 3C1 moja kwa moja, hata kama uvimbe wenyewe ni mdogo. Mtu akisikia "hatua ya tatu" anaanza kuaga. Msifanye hivyo. Ndani ya 3C1 wamo wanawake wenye uvimbe mdogo na tezi moja, na wamo wenye ugonjwa mzito, na hali zao hazilingani. Ukiona herufi ndogo "r" karibu na hatua, maana yake tezi imehukumiwa kwa picha. "P" ni imethibitishwa kwa kinyama maabara. Uliza ni ipi.

Kuhusu mionzi ya mashine: MRI na ultrasaundi hazina mionzi hata kidogo. CT na PET zinayo, lakini kwa mwanamke wa miaka 54 ambaye saratani yake imethibitishwa, hatari ya kutibiwa vibaya kwa kukosa picha ni kubwa mno kuliko hatari ya picha.

Mdogo wako nampa nusu ya haki. Ucheleweshaji unaumiza, ila siku chache za kupata MRI kabla ya kuamua si ucheleweshaji ninaouogopa. Ninaouogopa ni ule unaotokea baada ya tiba kuanza. Mama akipangiwa mionzi na kemo, kazi yote, pamoja na ile ya ndani, inatakiwa iishe ndani ya wiki 8 hivi, na kukatishakatisha katikati kunapunguza nafasi ya kupona. Nguvu zenu na akiba yenu ziwekeni huko, kwenye kumfikisha mama kila siku ya mionzi bila kukosa. Na picha za MRI hazitapotea bure: madaktari wa mionzi watazirudia kulinganisha uvimbe ulivyokuwa na ulivyosinyaa kabla ya kupanga mionzi ya ndani. Kwa sasa, mwombeni bingwa awape tarehe ya MRI na siku ya kukaa naye kusoma majibu. Msitoke bila tarehe hizo mbili.

Sasa mama na woga wake. Alichokisema ulipokuwa unamkanda miguu ndicho kilichonigusa kuliko barua nzima, na pengine ndicho ambacho hakuna aliyekipeleka kwa daktari. Mwambieni daktari kabla ya siku ya kipimo, msingoje mpaka mlangoni. Kuna dawa ndogo ya kutuliza wanayoweza kumpa. Kwa picha ya nyonga, mara nyingine mgonjwa huingizwa miguu kwanza, kichwa kikabaki karibu na mdomo wa mashine au nje kabisa. Ulizeni kama mashine yao inaruhusu. Atapewa kitu cha kuziba masikio, kwa kuwa inagonga kwa kelele, na kitufe mkononi cha kuita. Inachukua kama nusu saa hadi dakika 45. Sehemu nyingi humruhusu ndugu mmoja kukaa naye chumbani akishakaguliwa kwamba hana chuma mwilini. Wewe ndiye uingie naye. Mshike mguu, ule ule uliokuwa unaukanda, ajue upo.

Waambieni wapigaji picha kama ana kifaa cha moyo, chuma cha mfupa au kitanzi cha zamani. Wapeni pia tarehe ambayo kinyama kilikatwa, kwani kidonda kibichi huvimba na kuvuja damu, na MRI inaweza kuusoma uvimbe huo kama ugonjwa uliotoka nje. Kwa mama yako, ambaye uamuzi wote umesimama kwenye mpaka mwembamba wa upande wa kushoto, tarehe hiyo ina uzito. Itafuteni kwenye karatasi za hospitali, muiandike juu ya fomu ya MRI kwa wino unaosomeka.

Majibu yakitoka niandikie, na uniambie mama mwenyewe amesemaje.